Umepandikizwa figo? Usirudie vidonge vyako vya presha vya zamani

Juzi usiku dada mmoja wa Mwanza kaniandikia ujumbe mrefu. Mume wake kapandikizwa figo, wamerudi nyumbani si muda, presha inasoma 152 kwa 94 na kila akipima inacheza humo humo. Kabatini bado wana maboksi ya dawa za presha za kipindi kile cha dialisisi, ya kusafishwa damu kwa mashine, losartani ile iliyochanganywa na dawa ya kukojoa, na kijana wa duka la dawa la jirani ambaye anawajua miaka yote kamwambia amrudishie tu zilezile si zilikuwa zinamfaa. Akamalizia: "Kaka, kwani presha si presha tu?"

Nimemjibu usiku uleule. Hapana dada, usimpe. Funga hayo maboksi kwenye mfuko, kesho asubuhi mpigie muuguzi wa kliniki ya upandikizaji umsomee namba zote za presha za wiki hii, na kama ana kichwa kinauma sana, anaona ukungu, anabanwa kifua au mkojo umepungua usisubiri hiyo kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo. Baada ya kutuma nikaona kumbe nilichomwandikia yeye kinawahusu wengi, maana sisi tuliopandikizwa figo tunaongezeka. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, mwaka uliofuata Benjamin Mkapa ya Dodoma nao wakaanza, na kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda ndege kwenda India na bado wengine wanaenda. Kwaiyo saivi tupo wengi, tumerudi Mwanza, Mbeya, Tanga, Songea, tunaishi kwenye mitaa ambayo daktari wa zahanati hajawahi kumuona hata mmoja wetu, alafu tukiumwa kidogo ndo wa kwanza kutushika.

Mi mdogo wangu wa kike ndo alinipa figo. Hilo nalisema kila mara na sichoki kulisema, kwasababu kila kidonge ninachomeza nakimeza nikijua kuna mtu ana kovu ubavuni kwa ajili yangu. Kabla ya upandikizaji nilikuwa na presha ile ya kutisha, 190, 200, nakunywa aina nne za dawa na bado. Nifedipini, karvediloli, losartani, na ile methyldopa ambayo ilikuwa inanilaza mchana kutwa. Kwaiyo niliingia theatre nikiamini jambo moja, kwamba presha ni adui na ikishuka ndo uzima wenyewe, shusha shusha shusha. Ndivyo tulivyofundishwa wagonjwa wote wa dialisisi.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji nipo chumba cha uangalizi, mashine ya presha imefungwa mkononi inajibana yenyewe kila baada ya muda, muuguzi anakuja anainama kwenye mfuko wa mkojo anasoma anaandika, anaangalia dripu anaongeza. Presha 156. Baadae 158. Hakuna aliyeshtuka. Shemeji yangu kaingia kavalishwa lile gauni na barakoa, kaona namba kwenye kioo cha mashine, akaanza kugomba palepale, mbona mtu ana presha 158 hamumpi dawa, mnasubiri apooze? Yule daktari hakukasirika. Akachukua karatasi akamchorea shemeji: figo mpya haiwekwi kule mgongoni zilipo za zamani, inawekwa chini ya tumbo pembeni, mishipa yake inashonwa kwenye mshipa mkubwa unaoteremka kwenda mguuni. Akamwambia hii figo imetoka kwenye mwili mmoja imekaa bila damu kwa muda alafu imeunganishwa upya, sasa hivi inaishi kwa msukumo wa damu, ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa, msukumo ukishuka yeye ndo wa kwanza kukosa. Tukimshusha ghafla mpaka 110 figo inaweza kulala, mkojo ukakata, na hata damu kuganda kwenye mshipa tulioshona. Kwaiyo tunavumilia kidogo juu, lakini ikipanda zaidi ya tulipopanga tunashusha taratibu.

Shemeji alinyamaza. Mi nilikuwa nimelala macho yamefumba ila nilisikia kila neno.

Nimelitaja hili kwasababu ndo msingi wa mengine yote ninayoandika hapa. Siku za mwanzo presha inatakiwa isiwe juu sana na isiwe chini sana, na ya chini sana ni hatari kama ya juu. Madaktari wengi kipindi kile cha mwanzo wanaridhika na namba ambayo mtu wa kawaida angeambiwa ni mbaya, 140 na kitu, hata karibu na 160 kwa siku zile za wodini, alafu wiki na miezi ikienda na figo ikitulia wanakuteremsha kuelekea 130 kwa 80, ambayo ndo shabaha inayotajwa kwenye miongozo ya kimataifa ya figo. Sasa we ukiwa nyumbani unakimbilia 110 kwasababu shangazi yako anasema presha nzuri ni 110, unaisumbua figo ya watu.

Alafu ujue presha hiyo inatoka wapi. Wengi wanadhani ukipata figo mpya presha inaondoka, na kweli wapo wanaopunguziwa dawa nusu nzima, ila wengi wetu tunabaki nayo na sababu kubwa zimo kwenye dawa zenyewe za kulinda figo. Takrolimasi inabana mishipa ya damu na inafanya mwili ung'ang'anie chumvi. Siklosporini hivyohivyo. Prednisoloni nayo inashikilia maji na chumvi na inaongeza hamu ya kula mpaka unanenepa. Ongeza dripu ulizomwagiwa wodini, ongeza maumivu ya mshono. Huwezi kuziacha hizo dawa, ukiziacha mwili unaikataa figo, kwaiyo presha inabidi itafutiwe dawa inayokaa na hizo bila kugombana. Hapo ndo losartani ya kabatini inapokosa nafasi.

Mi nilianzishiwa amlodipini. Hilo kundi, amlodipini na nifedipini ile ya kuachia taratibu, ndo linalopendwa sana mwanzoni kwasababu linalegeza mishipa ileile ambayo takrolimasi inaibana na halipandishi potasiamu. Kero yake ni miguu kuvimba. Jioni nikivua soksi naona alama ya lastiki imezama kwenye kifundo, nikibonyeza kidole kinaacha shimo, nikadhani figo imeshafeli, nilikaa kitandani nalia kimyakimya nisimwamshe mke wangu. Kesho yake kliniki wakapima kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi na kikipanda ni dalili mbaya, ikawa vilevile, wakasema ni amlodipini tu, wakanipunguzia dozi. Ila usijiambie mwenyewe kwamba ni amlodipini, miguu kuvimba inaweza kuwa figo kweli, kipimo ndo kinasema.

Karvediloli sikuachishwa ghafla. Hata asubuhi ya upasuaji niliambiwa nimeze. Dawa za kundi hilo, zinazoishia na "loli" karibu zote, atenololi, metoprololi, bisoprololi, ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka, kwaiyo kama daktari anataka kuziondoa ataziondoa kwa kushusha. Na kama umeanza kupanda sukari kwa sababu ya prednisoloni na takrolimasi, na wengi inatupata, na umeanzishiwa dawa za kushusha sukari, ujue hizi dawa za "loli" zinaweza kuficha ile dalili ya moyo kwenda mbio sukari ikishuka sana. Pima sukari, usisubiri kutetemeka.

Sasa nije kwenye kile ambacho mpaka leo kikinijia usiku sipati usingizi vizuri.

Tulikuwa na msiba kijijini, mimi nikiwa bado miezi ya mwanzo kabisa, niliruhusiwa kwenda kwa masharti, barakoa, kukaa nje, kurudi mapema. Kichwa kikaanza kuuma, nikapelekwa kituo cha afya cha karibu. Wamenipima 160 kwa 100. Yule tabibu akaandika enalaprili, akasema anza leo. Nikamwambia kwa heshima kabisa, daktari, mimi nimepandikizwa figo na natumia takrolimasi na Septrin, naomba niwapigie wa kliniki yangu kwanza, au tupime potasiamu. Jamani. Alisimama. Akauliza mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, mama zangu wadogo wapo, majirani wapo, "we ni daktari? Kama ni daktari si ujitibu?" Akasema watu wa mjini mkishasoma kwenye simu mnajiona. Watu wakacheka. Mi nilikuwa na mdomo uliokauka na msiba wa mtu niliyempenda na figo ya mdogo wangu tumboni, na watu wanacheka.

Nilitoka nje, nikampigia yule muuguzi wetu wa kliniki, dada mmoja mpole sana, akapokea mlio wa kwanza. Akaniambia usimeze. Akanielekeza nimeze kwanza amlodipini yangu ya jioni ambayo muda wake ulikuwa umefika, nipumzike, nipime tena baada ya saa moja, na kesho asubuhi na mapema niende hospitali ya mkoa nitolewe damu. Usiku ule presha ilishuka yenyewe, msiba na jua na kukosa usingizi vilichangia. Kesho majibu: potasiamu 5.8, tayari ipo juu. Kabla ya kumeza hiyo enalaprili hata kidonge kimoja.

Nieleze maana yake kwa asiyejua. Potasiamu ikipanda sana moyo unapoteza mapigo yake, unaweza kusimama. Takrolimasi inapandisha potasiamu. Septrin, ambayo karibu wote tunapewa miezi ya mwanzo kujikinga na maambukizi ya mapafu na mkojo, nayo inapandisha. Sasa enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, na ndugu zao losartani, valsartani, telmisartani, zote zinapandisha pia. Spironolaktoni ndo usiseme. Ukiweka tatu juu ya figo ambayo bado inajifunza kazi unamtafutia mtu kifo. Tena hilo kundi la enalaprili na losartani linashusha ule msukumo wa ndani ya chujio la figo, kwaiyo kreatinini inaweza kupanda, na daktari wako akiona kreatinini imepanda mwezi wa pili baada ya upandikizaji anachanganyikiwa, hajui ni mwili unaikataa figo, ni takrolimasi imezidi, au ni kidonge cha presha. Unaweza kujikuta unachomwa sindano ya kutoa kinyama cha figo kwa jambo ambalo lingeepukika. Na linaweza kushusha damu pia, wakati wengi tumetoka upasuaji damu haitoshi.

Simsemi yule tabibu kwa jina wala kituo, sina haja. Ila iliniuma na inaniuma. Mgonjwa anayejua dawa zake asichekwe.

Na nisieleweke vibaya, hizo dawa sio sumu. Mimi mwenyewe baadae, figo ilipotulia na kukawa na protini kidogo kwenye mkojo, daktari wangu bingwa alinianzishia losartani, dozi ndogo kabisa, akapanga damu ipimwe tena baada ya wiki moja potasiamu na kreatinini, ndo akaendelea. Mpaka leo natumia. Dawa ileile! Tofauti ni muda, dozi na kipimo cha damu. Na akina dada mnisikilize, figo mpya ikifanya kazi hedhi inarudi na mimba inaingia haraka kuliko mnavyodhani, na hilo kundi la prili na sartani halifai kabisa kwenye mimba, kwaiyo mwambieni daktari mapema hata kama mna aibu.

Kuna jamaa tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja kliniki, yeye alipewa diltiazemu, dawa ya presha na mapigo ya moyo, mahali pengine, mapigo yalikuwa juu wakampa. Hakuna aliyeangalia kwamba diltiazemu na verapamili zinazuia ini kuivunja takrolimasi. Ndani ya muda mfupi mikono inatetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika kwenye sahani, kreatinini imepanda, kiwango cha takrolimasi kwenye damu kimepita mbali. Walipunguza dozi, akapona, figo ikarudi, Mungu mkubwa. Lakini hapa kuna jambo ambalo waliotoka India wanatakiwa walijue, huko madaktari wengine wanaiandika diltiazemu makusudi, ili dozi ya takrolimasi iwe ndogo na gharama ipungue, na dozi yote imepangwa kwa hesabu hiyo. Kwaiyo we ukirudi huku mtu akaiona akasema hii dawa hatari acha, ukaiacha, takrolimasi inashuka na mwili unaanza kuikataa figo bila wewe kuhisi chochote. Usiongeze, usiache. Piga simu.

Hata dawa zisizo za presha zinaingia humu. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo unauziwa dukani kwa kikohozi tu, zinapandisha takrolimasi na zinaongeza nguvu ya amlodipini na nifedipini mpaka presha inaanguka. Flukonazoli ya fangasi pia inapandisha takrolimasi. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inashusha takrolimasi na hizo dawa za presha, kwaiyo mgonjwa wa TB aliyepandikizwa lazima aangaliwe na wote wawili, wa TB na wa figo. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na zinaumiza figo moja kwa moja, ukiumwa mgongo ni Panadol na simu. Balungi nalo linapandisha takrolimasi, acheni.

Kupima nako watu wanakosea alafu wanalaumu dawa. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya dialisisi, usifungwe mashine. Kaa, egemea, miguu chini, tulia dakika tano, usiongee, pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, andika kwenye daftari hata kama namba imekuudhi. Kama ukisimama unaona giza, pima ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, waambie, hasa kama unatumia doksazosini au prazosini au Lasix ile ya kukojoa. Na hili la siku ya kliniki nalirudia kila siku: takrolimasi humezi mpaka damu itolewe, sawa, lakini dawa ya presha unameza kama kawaida labda uwe umeambiwa vingine. Watu wanaacha dawa zote asubuhi, wanafika wana 170, daktari anaongeza dozi, wakirudi nyumbani wakameza zote wanaanguka bafuni.

Ukiharisha au kutapika, na mikofenolati, dawa nyingine ya kulinda figo, inaharisha sana watu, usijikaze. Kuharisha kunakausha maji mwilini, figo inakosa damu, na takrolimasi yenyewe inaweza kupanda. Kama siku hiyo una Lasix au losartani kwenye orodha yako piga simu kabla ya kumeza dozi inayofuata. Na presha ikigoma kabisa, dawa tatu nne na bado, au miguu inajaa maji kila mara, mwambie daktari asikilize pale figo ilipo na akupige ultrasaundi ya mishipa, maana mshipa wa figo mpya unaweza kuwa umebana kwenye mshono, na hapo kuongeza vidonge tu hakusaidii, tena ukipewa prili au sartani kreatinini inaruka.

Chumvi nayo. Ng'onda, dagaa wa chumvi, vile vikorokoro vya supu vya kwenye karatasi, achaneni navyo. Ila msikimbilie ile chumvi mbadala ya supamaketi inayoandikwa ni nzuri kwa presha, soma nyuma ya kopo, nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, na mimi nimeshaeleza potasiamu inafanya nini.

Ndugu wa wagonjwa, naomba muache kuwashinikiza. Mama mkwe akileta mizizi mpokee kwa heshima uiweke juu ya kabati. Wauza dawa mnaosoma hapa, mtu akikutajia takrolimasi, siklosporini au mikofenolati usimuuzie hata kidonge kimoja cha presha kwa mazoea, mpe simu ampigie daktari wake, utakuwa umelinda figo ambayo mtu mzima mwenye akili zake aliitoa mwilini mwake. Na wewe mwenzangu uliyepandikizwa, andika orodha ya dawa zako na namba ya kliniki kwenye karatasi, iweke nyuma ya kadi ya bima, mtu unayeishi naye nyumbani aijue ilipo. Ukiulizwa kama we ni daktari, jibu hapana, mimi ndo mwenye figo, na naomba nipimwe damu kwanza.

Maswali karibuni hapo chini, najibu usiku nikishamaliza kazi. Ila msinitumie picha za vidonge mkitaka niwaambie mmeze kipi, hilo sitalifanya kwa mtu yeyote, siijui kreatinini yako ya jana na anayeijua ana simu.